Ukumbi wa Kenya National Theatre: ulijengwa na mkoloni, ukawaje wetu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha drama katika shule ya upili. Kila mwaka huwaleta wanafunzi wangu Nairobi kutazama tamthilia teule, zile zinazosomwa kwa ajili ya mitihani, katika ukumbi wa Kenya National Theatre. Safari iliyopita, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliniuliza: ikiwa jengo hili lilijengwa na Waingereza kwa ajili ya walowezi, kwa nini tunaliita la taifa? Na kama ni la taifa kweli, urithi wake ni upi hasa, ni hizi kuta au kuna kitu kingine? Nilimpa jibu la kubabaisha. Naomba nisaidie.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi huyo ana jicho. Swali lake ndilo lililofanya watu wazima waitwe na makachero wa CID mwaka 1976, na ndilo lililokuwa nyuma ya milango iliyofungwa kwa kufuli mwaka 1982. Mwambie hivi: jengo hilo halikuzaliwa likiwa la taifa, wala halikugeuka la taifa usiku wa Uhuru. Lilifanywa kuwa la taifa polepole, kwa mvutano, na watu waliogombania tarehe katika ratiba yake. Anayetaka kuujua urithi wake asianze na kuta. Aanze na ratiba: nani alipewa jukwaa, usiku gani, kwa lugha ipi, na nani alifungiwa nje.

Kenya Cultural Centre, kituo ambacho ukumbi huo ni sehemu yake, kiliundwa kwa sheria mwaka 1951. Maneno ya wakati huo yalikuwa matamu: pangekuwa mahali pa watu wa rangi zote kukutana kwa ajili ya sanaa. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa Novemba 6, 1952, na Sir Ralph Richardson, mwigizaji wa Kiingereza aliyesifika kwa tamthilia za Shakespeare. Sasa iweke tarehe hiyo kando ya nyingine. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, Oktoba 20, 1952. Kati ya tangazo hilo na sherehe ya ufunguzi zilipita siku 17. Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wameshakamatwa, misako ya polisi ilikuwa imeanza, na Mwafrika wa Nairobi aliyeonekana mjini usiku alikuwa na maswali ya kujibu. Huo mkutano wa rangi zote, yeye angeufikiaje saa mbili usiku akiwa na tiketi mkononi?

Na mahali penyewe pana habari yake. Ukisimama mlangoni mwa ukumbi, ng'ambo ya barabara ni hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904 na kuwa baraza la walowezi kwa miaka mingi. Kando yako ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Karibu hapo kuna Broadcasting House, makao ya redio na televisheni ya taifa, na pia kituo cha polisi cha Central. Barabara inaitwa Harry Thuku, na haikupewa jina hilo kwa bahati. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika pale kwenye kituo cha polisi ukidai Thuku, mwanasiasa aliyekuwa akiupinga ukoloni, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakabili wanaume waliokuwa wakisitasita, akawataka wampe suruali zao, wao wavae nguo yake. Umati ukasonga mbele, na polisi wakafyatua risasi. Inasimuliwa hadi leo kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza la Norfolk nao walifyatua. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa watu 21 waliouawa, na walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Miaka 30 baadaye, hatua chache kutoka hapo, ukumbi wa "taifa" ukafunguliwa kwa mbwembwe.

Wanafunzi wako wakielewa hayo kabla ya kuingia ndani, wameshaelewa nusu ya jibu.

Ndani, waangalie jukwaa. Limewekewa fremu mbele na pazia, watazamaji wanakaa upande mmoja gizani, wakitarajiwa kunyamaza hadi wakati wa kupiga makofi. Umbo hilo lina adabu zake. Linamtenga anayeigiza na anayetazama, ilhali katika ngoma zetu nyingi na masimulizi yetu msikilizaji huitikia, huimba, na pengine huingia uwanjani. Siungi mkono wanaodai kwamba jukwaa la aina hiyo haliwezi kubeba kazi ya Kiafrika, kwa maana limeibeba na kuibeba vizuri. Lakini inafaa kijana ajue kwamba umbo hilo lilichaguliwa na mtu, na kwamba aliyelichagua alikuwa akifikiria michezo ya London.

Na michezo ya London ndiyo iliyotawala. Katika miaka ya 1950, na hata miaka kadhaa baada ya Uhuru, jukwaa lilikuwa la makundi ya Wazungu waliopenda kuigiza, pamoja na wageni kutoka Ulaya. Tamasha la drama la shule, lililoanza mwaka 1959, nalo lilianza likiwa mikononi mwa shule za Wazungu, hadi shule za Kiafrika zilipoingia na nyimbo zao, hadithi zao na lugha zao, zikalibadilisha lisitambulike. Huku kwetu milango ikiwa bado mizito, Kampala ilikuwa na ukumbi wake wa taifa uliofunguliwa mwaka 1959, na ni hapo ambapo tamthilia ya kwanza ndefu ya Ngugi wa Thiong'o, The Black Hermit, iliigizwa Novemba 1962 wakati Uganda ikisherehekea uhuru wake. Ngugi alikuwa mwanafunzi wa Makerere. Mkenya alipata jukwaa la taifa la jirani kabla ya kulipata la kwao. Nimelitafakari sana jambo hilo, na bado linanichoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 hali ilianza kusogea. Seth Adagala aliingia katika uongozi wa ukumbi, na shule ya uigizaji ikaanzishwa hapo hapo kuwapa vijana ufundi wa kazi. Mwandishi Kenneth Watene alipitia mafunzo hayo. Ila mwelekezi Mwafrika kuwa na ofisi ni jambo moja, na ratiba kuwa mikononi mwake ni jambo lingine.

Hapo ndipo tunafika mwaka 1976.

Kenya ilikuwa imealikwa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi ambalo lingefanyika Lagos, Nigeria, Januari na Februari 1977. Tamthilia mbili zilichaguliwa kuiwakilisha nchi: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi na Micere Githae Mugo, inayomhusu kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi na iliyoelekezwa na Adagala, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, iliyoelekezwa na Tirus Gathwe. Waandaaji waliona ni haki ziigizwe kwanza nyumbani, kwenye ukumbi wa taifa, mwezi wa Oktoba. Ni mwezi wa kuwakumbuka wapigania uhuru, na mwaka huo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano Mkuu wa UNESCO, wajumbe wakija kutoka pande zote za dunia. Ungetaka waone nini?

Wasimamizi wa ukumbi walikuwa na jibu lao. Tarehe nzuri zilikuwa zimeshagawiwa: kundi la baleti kutoka Ufaransa upande mmoja, na upande wa pili mchezo wa muziki na vichekesho wa Broadway, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, ulioandaliwa na kundi la Wazungu wakazi wa Nairobi. Tamthilia zilizokuwa zikienda kuiwakilisha Kenya mbele ya Afrika nzima zilibanwa katikati. Baada ya mabishano makali, yaliyofika hadi magazetini, zikaambulia siku nane, zigawane.

Msomee kijana wako aya hiyo mara mbili, Mwalimu. Hakuna aliyesema Waafrika hawaruhusiwi. Hapakuwa na bango mlangoni. Kulikuwa na daftari la tarehe, na ndani ya daftari hilo Kimathi alikuwa ni wa kujaza pengo. Ubaguzi wa miaka ya 1950 ulikuwa umehamia kwenye ratiba, ambako ni vigumu kuuona na rahisi kuutetea.

Oktoba 20, 1976, miaka 24 kamili tangu hali ya hatari itangazwe, tamthilia ya Kimathi ikafunguliwa. Ukumbi ulifurika. Wakati wa wimbo wa mwisho waigizaji walishuka jukwaani wakaingia katikati ya viti, na watazamaji wakainuka wakajiunga nao, wakaimba na kucheza pamoja hadi nje. Waliokuwepo walisimulia jinsi barabara ilivyojaa wimbo mbele ya Norfolk, pale pale palipomwagika damu mwaka 1922. Zile adabu za fremu na giza zilivunjwa usiku huo na watu waliokuwa wamelipa kiingilio. Kisha Ngugi na Adagala wakaitwa CID kuhojiwa.

Tamthilia ya Kimathi iliigizwa kwa Kiingereza, ikiwa na nyimbo za lugha zetu ndani yake. Tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ilichapishwa baadaye. Kwa mwalimu wa Kiswahili huu ni mfano mzuri wa darasani, kwa sababu suala la lugha ndilo lililofuata.

Kilichomtoa Ngugi Nairobi na kumpeleka kijijini Kamirithu, Limuru, kilitokana kwa sehemu kubwa na mwaka ule wa 1976. Wanakijiji wenyewe walijenga jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu wapatao 2,000, na Oktoba 1977 wakaanza kuonyesha Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Wakulima na wafanyakazi ndio waliokuwa waigizaji, na wao ndio waliosahihisha maneno ya waandishi. Novemba 16 leseni ikafutwa. Mwisho wa Desemba Ngugi akakamatwa, akawekwa kizuizini bila mashtaka hadi Desemba 1978.

Mwaka 1982 kikundi cha Kamirithu kikarudi na kazi mpya, Maitu Njugira, na safari hii kilitaka kuionyesha National, yaani ukumbi huu wa Kenya National Theatre. Angalia uzito wa ombi hilo: watu wa kijijini, kwa lugha zao, kwenye jukwaa alilolifungua Sir Ralph Richardson. Walifanya kila kitu kwa utaratibu. Walituma maombi ya leseni kwa ofisi ya serikali, wakasubiri, wasijibiwe ndiyo wala la. Februari 19, siku waliyopanga kufungua, walifika wakakuta milango imefungwa kwa kufuli na polisi wamewekwa ulinzi. Wakahamia ukumbi wa mazoezi wa chuo kikuu, jirani tu, na maelfu ya watu wakafurika kutazama mazoezi, wengine wakiletwa kwa mabasi kutoka mashambani, mpaka mazoezi nayo yakapigwa marufuku. Machi 12, 1982, malori ya askari yakaenda Kamirithu na lile jukwaa la wazi likabomolewa.

Hadithi nyingi za ukumbi huu hupenda kuruka kutoka 1952 hadi ukarabati wa juzi, zikitaja majina ya wageni wakubwa. Mimi nadhani Februari 19, 1982 ndiyo tarehe muhimu zaidi katika historia ya National, japo usiku huo hakuna kilichoigizwa. Taifa lilikuwa nje likibisha hodi. Na tusidhani mvutano wa aina hii ulikuwa wa Kenya peke yake. Byron Kawadwa, aliyeongoza ukumbi wa taifa wa Kampala, alikamatwa na kuuawa na watu wa Idi Amin mwaka 1977, baada ya kurudi kutoka FESTAC ile ile.

Miaka iliyofuata sanaa ya jukwaani ilitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1974 kikundi cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kikizunguka nchini kuonyesha bila kiingilio. Katikati ya jiji, Phoenix Players, iliyoanzishwa na James Falkland, ililea waigizaji wengi hadi ilipofunga milango yake miaka ya hivi karibuni. Wahome Mutahi, yule wa safu ya vichekesho ya Whispers gazetini, alihamishia tamthilia zake kwenye mabaa, watu wakicheka uongozi wa nchi huku vinywaji viko mezani. Nazitaja hizi haraka, lakini kila moja inastahili jibu lake.

Na National? Haikufa. Jukwaa liliendelea, paa likachoka, viti vikachakaa, taa zikapungua nguvu. Nje, kwenye uwanja na varanda, vijana waliendelea kufanya mazoezi mchana kutwa, kila kundi na pembe yake, maneno ya tamthilia moja yakigongana na nyimbo za nyingine. Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliufungua upya baada ya ukarabati mkubwa uliogharimiwa na serikali pamoja na kampuni ya East African Breweries. Viti vipya, taa mpya, sauti mpya. Nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu mwigizaji anayesikika vizuri ni mwigizaji aliyeheshimiwa. Lakini ukarabati uliirudisha mezani hoja ya zamani: ada ya kukodi. Kikundi cha vijana wasio na mfadhili kinapoiona ada na kugeuka nyuma, ratiba imewafungia nje bila kufuli wala polisi. Ningependa wasimamizi waitenge idadi ya tarehe kila mwaka, tena za wikendi, kwa vikundi vya namna hiyo kwa ada ndogo kabisa. Jumba linalobeba jina la taifa lina deni hilo.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika ukumbi huu, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, ikiandaliwa na Nairobi Performing Arts Studio chini ya mwelekezi Stuart Nash. Si tamthilia ile ile iliyofungiwa nje mwaka 1982, wanafunzi wasichanganye. Ila ni ya kijiji kile kile na mwandishi yule yule, na ilichukua takriban miaka 45 tangu leseni ifutwe hadi iingie mlango huu. Ngugi aliaga dunia Mei 28, 2025, Micere akiwa ametangulia mwaka 2023 na Imbuga mwaka 2012. Waliogombania ratiba ya 1976 wanazidi kutuacha.

Hapo ndipo najibu sehemu ya pili ya swali: urithi ni upi.

Kuta zihifadhiwe, sina shaka. Wapo wanaosema jengo la mkoloni libomolewe tujenge letu. Mimi nawaambia kwamba jengo hili ni ushahidi, na ushahidi hauharibiwi kwa sababu unaumiza. Lakini kuta zinaweza kupigwa rangi wakati wowote. Kinachopotea bila kurudi ni vitu vyepesi: programu za maonyesho zilizochapwa kwa karatasi rahisi, mabango, tiketi, picha, nakala za tamthilia zenye maandishi ya mwelekezi pembeni. Programu moja ya kurasa nne inakuambia nani aliigiza, nani alishona maleba, nani aliwasha taa, kiingilio kilikuwa ngapi, na ni kampuni gani zilizotangaza biashara zao ndani yake. Kwa mtafiti hiyo ni dhahabu, na nyingi ziko kwenye masanduku ya familia za waigizaji wa zamani, zikiliwa na mchwa.

Kuna pia ujuzi wa watu wasioonekana jukwaani. Fundi wa taa anajua ni pembe gani ya jukwaa hili humeza sauti. Mshonaji wa maleba anajua kitambaa kipi hung'aa vibaya chini ya taa. Elimu hiyo hupita kutoka mtu hadi mtu, na akistaafu bila kuulizwa, basi.

Na urithi wa tatu ni watazamaji, wakiwemo wanafunzi wako. Maonyesho ya mchana ya tamthilia teule, mabasi ya shule yakiwa yamepanga foleni barabarani na ukumbi ukichemka kwa Kiswahili, wapenda sanaa wengine huyadharau wakiyaita biashara ya mitihani. Nawapinga. Mwaka 1952 ilikuwa ndoto kwamba mtoto kutoka kijijini angeketi pale asikie lugha anayoielewa. Leo yeye ndiye anayejaza viti. Kijana wako aliyeuliza swali yumo tayari kwenye ratiba niliyokuwa nikiieleza.

Ushauri wangu wa safari ijayo: fikeni masaa mawili kabla ya onyesho. Anzieni karibu na kituo cha Central, mtembee polepole kwenye barabara ya Harry Thuku, mmoja asome habari ya Nyanjiru, mwingine ya Oktoba 20, 1976, mwingine ya Februari 19, 1982, kila moja mahali pake. Ombeni mapema ruhusa ya kuona nyuma ya jukwaa, mafundi wengi hupenda kuulizwa kazi yao. Baada ya onyesho, kila mwanafunzi abaki na programu au tiketi, na nyuma yake aandike kwa kalamu ya risasi tarehe, jina la tamthilia, kikundi, na majina ya waigizaji aliyoyanasa. Wekeni faili moja shuleni. Na kama kuna mzazi au babu kijijini kwenu aliyewahi kuigiza, kucheza ngoma au hata kuuza tiketi National, warekodini kwa simu, muda wa nusu saa unatosha kuanzia, kisha nakala ya sauti na picha zozote mpeleke pia kwenye Nyaraka za Kitaifa pale katikati ya jiji, mkiuliza kwanza dawati la kupokea jinsi wanavyotaka ziandikwe.